Kufufua Peugeot 404 nyumbani Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari langu ni Peugeot 404 ya mwaka 1967. Hapa Tanga hakuna anayelitamka hivyo, ni Pijo tu. Linakaa uani kwangu Chumbageni, chini ya mwembe, kwenye banda la mabati ambalo nimeshalipanua mara mbili. Wapita njia hunisimamisha, na wenye magari ya zamani majumbani hunitumia picha za injini usiku wa manane. Maswali ni yale yale, nikaona niyajibu mara moja. Mengi ya humu yanafaa gari lolote lenye kabureta na pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi zipate cheche). Jambo likiwa la 404 peke yake nitasema.

Kwa nini uhangaike na Pijo ya 1967 wakati Vitz zimejaa?

Marehemu baba alikuwa nayo. Halafu hili ni gari ninaloweza kulitengeneza kwa spana, bisibisi na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) bila kuchomeka kompyuta popote.

404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake likiwa kazi ya Pininfarina wa Italia, na ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Wazee wa Ngamiani wakiliona gari langu hawaulizi bei, wanaanza kusimulia vumbi la rali.

Nimerithi gari limesimama miaka kumi na tano. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kadi. Kama gari halina kadi, au kadi ina jina la mtu ambaye warithi wake hawaelewani, usinunue hata plagi moja. Nimeona mtu kapiga rangi gari zima, ndugu wakaja kulichukua.

Kadi ikiwa safi, shika simu upige picha. Kila waya, kila hosi, kila boliti kabla hujaifungua. Boliti zitie kwenye makopo na uandike jina juu ya kopo. Utajiona mjinga kuandika "boliti za bampa la mbele", ila baada ya miezi minane utajishukuru.

Usilisukume na usipige selfu. Hilo nitalieleza kwenye swali la injini iliyokwama.

Injini ni mbovu kiasi gani mpaka nikate tamaa?

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanafungua boneti, wanaona injini imevaa kutu na viota vya panya, wanasema gari limekufa. Injini ya 404 ni chuma kilichopangwa vizuri: silinda nne, sentimita za ujazo 1618, imelazwa upande kwa nyuzi 45, na laina zake, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka. Kila kitu ndani yake kinabadilishika. Kinachoua gari Tanga ni hewa. Iwe kaskazi iwe kusi, upepo wetu unatoka baharini, na unakuja na chumvi.

404 haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Kwa hiyo kabla ya kupanga bajeti ya pistoni, lala chini ya gari na bisibisi. Gonga vizingiti vya chini ya milango, sakafu mahali anapoweka miguu dereva, shimo la tairi la akiba kwenye buti, na juu kabisa ndani ya boneti, pale shokapu za mbele zinaposhikilia. Bati zima hulia ngo, bati lililooza hulia pwa. Bisibisi ikizama hapo juu kwenye shokapu za mbele, basi hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, na injini isubiri.

Chukua pia sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa, uipitishe kwenye bodi yote. Panapogoma kushika, chini ya rangi kuna puti. Kwenye mlango wa kulia wa gari langu sumaku ilidondoka mara tatu. Nilipochuna, nikakuta gazeti. Mtu alikunja gazeti, akaliziba kwenye tundu, akapaka puti juu, akapiga rangi, na kazi ikapendeza kwa miaka.

Basi kutu naitibu vipi?

Kwa kuikata. Hakuna dawa ya kutu iliyotoboa. Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa, tengeneza kiraka cha bati la unene unaokaribiana na la zamani (milimita 0.9 inafaa sehemu nyingi), kishike kwa nukta ndogo ndogo za kuchomelea, moja hapa, nyingine kule ng'ambo, bati lipoe. Ukichomelea mfululizo bati linajikunja kama chapati. Kabla ya kuchomelea, chomoa waya za betri na ondoa mazulia yote. Weka ndoo ya maji na kizimamoto karibu.

Tanki la petroli usiliguse na moto hata kama limekauka mwaka mzima. Tanki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Hilo silifanyii mzaha.

Kutu ya juu juu, isiyotoboa, ichune kwa msasa na brashi ya waya, paka dawa ya asidi ya fosfori ya kugeuza kutu, kisha rangi ya msingi siku ile ile. Nasema siku ile ile kwa sababu mimi niliacha mlango uliochunwa vizuri usiku mmoja, bila rangi, wakati wa masika. Asubuhi ulikuwa na rangi ya chai.

Ndani ya vizingiti na milango, mahali rangi haifiki, mimina nta ya kuzuia kutu au grisi iliyolainishwa kwa joto. Hakikisha vitobo vya kutolea maji chini ya milango viko wazi. Mafundi wa rangi huviziba, sijui ni kwa nini.

Injini imekwama, haizunguki kabisa.

Usipige selfu na usilivute kwa gari jingine. Ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu zikilazimishwa zinavunjika, na laina zinakwaruzwa.

Toa plagi zote nne. Kwenye 404 plagi zimezama ndani ya visima virefu vinavyopita kwenye kifuniko cha juu, kwa hiyo kwanza puliza mchanga uliomo humo visimani, usije ukaangukia ndani ya silinda. Mimina kwenye kila silinda vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Acha siku tatu. Ongeza. Acha tena. Halafu weka gia ya nne, breki ya mkono chini, na mtu mmoja alitikise gari mbele na nyuma taratibu kwa mkono. Usitafute mzunguko. Tafuta upana wa unywele, kisha wa kidole. Langu lilichukua siku kumi na moja. Siku ilipoachia ilitoa mlio kama mtu anayevunja kidole.

Ikishazunguka, bado usiwashe. Mwaga oili ya zamani, weka mpya (20W-50 inafaa joto letu), zungusha bila plagi mpaka taa ya oili izime.

Gari linazunguka lakini haliwaki. Nibadilishe nini?

Usibadilishe kitu. Mtu akinipigia simu kuwa gari haliwaki, utakuta ameshanunua plagi, koili na kabureta nzima. Injini ya petroli inataka cheche kwa wakati wake, petroli na hewa kwa kiasi chake, na mgandamizo. Tafuta ni kipi kimekosekana, ndipo ufungue pochi.

Cheche: chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka plagi ya ziada, ilaze kwenye chuma cha injini, mtu apige selfu. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ya njano na nyembamba inatia shaka. Ikiwa hakuna kabisa, chomoa waya wa katikati wa koili na ujaribu hapo. Ikiwepo kwenye koili lakini haipo kwenye plagi, tatizo liko kwenye kifuniko cha distributa (kigawa cheche) au rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake kupeleka cheche kwa kila plagi. Ikikosekana hata kwenye koili, fungua distributa uangalie pointi: zinafunguka na kufunga? Zimeungua? Nafasi yake ni milimita 0.40. Msasa laini mara moja unatosha kukuonyesha kama kosa ni uchafu tu.

Petroli: toa kifuniko cha chujio la hewa, vuta kamba ya akselereta kwa mkono ukichungulia kooni mwa kabureta. Unatakiwa kuona mchirizi mwembamba wa petroli. Usipouona, chomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, liweke kwenye chupa, mtu apige selfu. Petroli ikija kwenye chupa, kosa liko ndani ya kabureta, kwenye sindano au floti. Isipokuja, rudi nyuma: pampu, bomba, tanki. Gari lililokaa miaka lina petroli inayonuka kama vanishi. Hiyo ni ya kumwaga yote, tena mbali na jiko la mkaa.

Halafu nikiri la kwangu. Watoto wa mtaani walikuwa wanapenda kuingia kwenye gari na kuchezea swichi, nikawa natoa rota na kuondoka nayo, mbinu ya zamani ya kuzuia wezi. Ijumaa moja nimetoka msikitini, nina safari ya Muheza, napiga selfu gari haliwaki. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha pointi. Betri ikaisha, nikaazima ya jirani. Saa mbili nzima. Mke wangu ndiye aliyeiona, anakunja kanzu, kitu kinagonga mfukoni. "Baba Zuhura, hiki ni cha nini?"

Linawaka lakini lina misi, silinda moja haichomi. Nitajuaje ni silinda ipi?

Likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa akselereta, chomoa waya wa plagi moja moja, ukishika kwa koleo lenye plastiki. Ukichomoa wa silinda nzima, mlio unabadilika na injini inadhoofika. Ukichomoa na mlio usibadilike, hiyo ndiyo mgonjwa.

Hapa 404 ina mtego wake. Peugeot walihesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, yaani nyuma, karibu na dereva. Silinda namba 1 haiko upande wa rejeta kama magari mengi ya Kijapani. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Fundi asiyejua hilo anapanga waya akihesabu kutoka mbele, gari linapiga mapigo kwenye kabureta, naye anaanza kulaumu taimingi. Nimemkuta fundi mmoja ameshafungua kifuniko cha cheni kwa sababu hiyo hiyo.

Ukishaijua silinda, toa plagi yake uisome. Rangi ya kahawia kavu, ni nzima. Nyeusi kama masizi ya chungu, petroli ni nyingi. Nyeupe sana, petroli ni kidogo au joto limezidi. Imelowa oili, ringi au miongozo ya valvu imechoka. Imelowa maji, angalia kwanza kisima chenyewe. Ukiosha injini kwa hosi, maji hujaa kwenye visima vya plagi na misi inaanza hapo hapo. Kausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti.

Misi inayokuja asubuhi zenye unyevu na kuisha saa nne, usihangaike na kabureta. Usiku, zima taa zote, fungua boneti injini ikiwa inawaka. Waya zilizochoka utaziona zenyewe, cheche za buluu zinarukaruka juu yake kama vimulimuli.

Likipata moto linazima, likipoa linawaka. Mafundi watatu wameshindwa.

Tatizo hili lina washukiwa watatu. Wa kwanza ni kondensa, kikopo kidogo kilicho kwenye distributa. Ikipata joto inavuja umeme na pointi zinaanza kuungua. Za siku hizi ni mbaya kuliko za zamani: niliuziwa mpya kwenye pakiti, ikafa kabla sijafika Pongwe. Tangu siku hiyo natembea na mbili, na moja ni kuukuu ninayoiamini.

Wa pili ni koili. Ishike gari likizima. Kama haishikiki kwa joto na cheche imekuwa dhaifu, pima ukinzani wake kwa mita. Upande wa kwanza wa koili ya kawaida ya volti 12 unakuwa karibu omu 3 hadi 4. Koili iliyotengenezwa kufanya kazi na kizuizi cha nje ina takriban 1.5, na ukiifunga bila kizuizi hicho lazima ichemke.

Wa tatu ni petroli yenyewe kugeuka mvuke ndani ya bomba linalopita karibu na eksosi. Watu wetu hufunga kitambaa kilicholowa kwenye pampu, na kweli gari linawaka. Lakini dawa ni kulisogeza bomba mbali na joto.

Namna ya kuwatenganisha: likizima tu, jaribu cheche papo hapo, kabla halijapoa. Mafundi watatu wameshindwa kwa sababu gari liliwafikia likiwa limeshapoa.

Linachemsha. Fundi anasema tutoe thamostati.

Kataa. Thamostati ni valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ninajua kila gereji inaitoa, na kwa muda mfupi sindano inashuka. Thamostati ikiwa mbovu ibadilishe, ila ipime kwanza: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, pasha, uone inafunguka kabla maji hayajachemka. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata joto lake, oili inabaki na unyevu, na ringi zinalika. Ukitoa thamostati nzima na gari likaacha kuchemsha, huenda rejeta yako imeziba, umeficha tu dalili.

Sababu kubwa Tanga ni maji. Kisima cha pwani kina chumvi, na 404 ina hedi ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma. Maji ya chumvi kati ya madini hayo mawili yanakula aluminiamu taratibu, na yanaacha magamba kwenye mirija ya rejeta. Tumia kuleti (kimiminika cha kupoozea injini) yenye dawa ya kuzuia kutu pamoja na maji safi ya kuongezea betri (maji, si asidi, muuzaji umwambie mara mbili). Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali kuliko ya kisima.

La 404 peke yake: feni yake haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoishika joto likipanda na kuiachia likishuka. Kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye sumaku ikiisha, au swichi ya joto ikifa, feni inabaki inazungushwa na upepo tu. Barabara kuu ya Segera hutajua. Ukikwama kwenye foleni au ukipanda Mombo kwenda Soni utajua. Ijaribu nyumbani: injini ikiwa moto na inawaka, sikiliza feni ikishika. Inavuma ghafla.

Mwisho, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, kisha washa uchungulie. Mapovu yasiyokoma ni gasketi ya hedi. Ukiona oili kwenye kijiti imekuwa kama tui la nazi, zima, usiwashe tena.

Moshi wa rangi fulani unamaanisha nini?

Wa buluu ni oili. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe usioisha injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu ya kuleti, ni maji yanaingia kwenye silinda. Mweupe wa dakika ya kwanza asubuhi ni unyevu tu.

Wa buluu uangalie unakuja lini. Ukitoka ukiachia akselereta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, ni miongozo ya valvu. Ukitoka muda wote ukivuta mzigo, ni ringi.

Inagonga juu, tak-tak-tak.

Tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Injini ikiwa baridi kabisa, weka milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Njia rahisi ya kujua lini urekebishe ipi: valvu za silinda 1 zikiwa zinapishana, moja inafunga na nyingine inaanza kufunguka, rekebisha za 4. Za 3 zikipishana, rekebisha za 2. Za 4, rekebisha za 1. Za 2, rekebisha za 3. Fila geji iteleze kwa ugumu kidogo, kama unavyovuta karatasi chini ya kitabu.

Usizibane sana ili kelele iishe. Tapeti inayolia kidogo haina neno. Iliyobana inaunguza valvu nawe huna habari. Mlio mzito wa kugonga chini, unaoongezeka ukivuta mzigo, si tapeti, ni beringi. Huo zima.

Naweza kufanya ovahauli mwenyewe uani?

Unaweza, isipokuwa kunyoosha hedi na kuchonga krenki, ambazo lazima ziende kwenye mashine. Ila kuna jambo moja la laina ambalo vitabu huliandika kwa herufi ndogo.

Laina za 404 zinakaa ndani ya maji, zimesimama kwenye sili za chini, na zinashikiliwa na hedi. Ukishatoa hedi hakuna kinachozishika. Mimi nilitoa hedi, nikataka kusafisha vichwa vya pistoni, nikazungusha krenki ili ziinuke. Laina ya pili ikapanda pamoja na pistoni, unene wa kucha. Nikaigonga kwa ubao ikarudi, nikajiambia haina shida. Nikafunga kila kitu. Wiki ya pili, tui la nazi kwenye oili. Sili ya chini ilikuwa imejikunja. Nikabomoa yote upya, mwezi mzima, na marafiki wakaniambia kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, jambo ambalo ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Kwa hiyo: hedi ikitoka tu, funga laina kwa vipande vya bapa vilivyobanwa na boliti za hedi zenyewe. Ndipo uzungushe.

Petroli ya sasa haina risasi. Itaunguza valvu?

Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na magari haya bado yanatembea. Kwa kuwa hedi ya 404 ni ya aluminiamu, viti vya valvu ni pete ngumu zilizopachikwa, vinavumilia kuliko hedi za chuma zilizochongwa viti humo humo. Pima tapeti mara kwa mara tu. Nafasi ikizidi kupungua kwenye valvu za kutoa, viti vinazama.

Breki?

Kabla ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza, kazi ya breki iwe imekamilika. Badilisha mpira wote, hosi zote, silinda za magurudumuni. 404 za awali zina dramu magurudumu yote manne, za mwisho zina diski mbele. Vumbi la ndani ya dramu za zamani usilipulize, linaweza kuwa na asbesto. Lioshe kwa maji.

Niweke injini ya Toyota tu?

Gari ni lako. Ila mtu akishaweka injini nyingine anabadilisha maunti, propela, waya, rejeta, na anaishia na gari ambalo hakuna fundi anayelijua, si wa Pijo wala wa Toyota. Ukitaka nguvu zaidi, tafuta injini ya Peugeot 504 ya sentimita za ujazo 1796. Ni ndugu yake wa damu, kipenyo cha silinda ni kile kile cha milimita 84.

Spea unapata wapi?

Gerezani Dar es Salaam kwa bahati. Mombasa kupitia Horohoro kwa bahati kubwa zaidi. Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ukiwa na muda wa kuzunguka duka kwa duka. Vitu vya mpira na gasketi naagiza Ufaransa, ambako wapenzi wa gari hili bado wapo wengi. Beba kile cha zamani mkononi. Ukitaja jina tu utapewa cha 504.

Fundi au nifanye mwenyewe?

Vyote. Umeme na kabureta jifunze mwenyewe, kwa sababu ndivyo vitakavyokulaza njiani. Kuchomelea bodi mpe anayejua, ukae naye. Ukae naye, narudia. Nilimpelekea fundi mmoja bodi, akaniambia kwa madaha ya Kitanga, "Waja leo, waondoka leo, mzee." Kweli niliondoka leo. Gari likabaki miezi saba, likarudi na redio haimo.

Lako limefika wapi?

Linatembea. Mwezi uliopita lilipanda kutoka Mombo mpaka Lushoto, feni ikashika mara mbili kabla ya Soni, sindano haikuvuka nusu. Rangi bado upande wa kushoto. Dirisha la nyuma linashikiliwa na kabari ya mti, maana mpini wake wa kuzungushia haupatikani. Yuko bwana mmoja Mombasa anao, lakini anasema hauzi mpini, anauza mlango mzima, na mlango hauingii kwenye basi.